Wanamwosha binti miguu na kumwita mungu, kisha mimba ya kike inatolewa. Hii imekaaje?

#1 Mzawa wa Pangani
Wadau, salaam.

Nilisoma Chandigarh, kaskazini mwa India, miaka minne. Nilipanga chumba juu ya nyumba ya bibi mmoja Mhindu, mtu wa dini kwelikweli. Kila mwaka ikifika Navratri, ile sikukuu ya usiku tisa wa mungu wa kike Durga, siku ya nane anaamka alfajiri anapika puri, dengu na haluwa ya suji. Kisha anamtuma mjukuu wake wa kiume apite kwa majirani kutafuta mabinti tisa ambao hawajavunja ungo. Wakifika, bibi mwenye mvi anapiga magoti, anawaosha miguu kwenye sinia, anawafunga uzi mwekundu mkononi, anawapaka rangi kwenye paji la uso, anawalisha na kuwapa noti mojamoja. Halafu anawagusa miguu ili wao wambariki yeye.

Shida ni kwamba hao tisa walikuwa hawapatikani. Mtaa mzima ulikuwa unagombania walewale watano. Wakifika nyumba ya sita wameshashiba, puri wanatia mfukoni.

Mwaka wangu wa tatu pale mkwewe akajifungua mtoto wa kike, wa pili. Bibi akasema "Lakshmi ameingia nyumbani", yaani mungu wa kike wa utajiri, lakini kwa uso wa mtu aliyemung'unya shubiri. Jirani alipopata wa kiume tuligawiwa ladu nyumba hadi nyumba. Huyu Lakshmi hata chembe ya sukari sikuiona.

Mwenye kujua anieleze, hizi imani mbili zinakaaje kichwa kimoja?

#2 Chumvi Kidogo
Nimevuta kigoda. Ila mwenye uzi, unawalilia mabinti au unalilia ladu?

#3 Kalamu Nyeusi
Jibu jepesi: unafiki. Wahindi ndivyo walivyo. Wazee walishasema, Baniani mbaya kiatu chake dawa.

#4 Binti Kisutu
Kalamu Nyeusi, huyo Baniani ndiye mimi. Kiatu changu ni namba 41, ukihitaji dawa karibu.

Tuwekane sawa kwanza. Mhindi ni mtu wa asili ya India. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Hapa Dar peke yake "Mhindi" wako anaweza kuwa Khoja, Bohora, Mgoa Mkatoliki, Kalasinga au mimi.

Sasa Durga. Kulikuwa na jitu linaitwa Mahishasura, nusu nyati, lililoomba kwa mungu Brahma lisiuawe na mungu wala mwanamume yeyote. Mwanamke halikumtaja, lilimwona si kitu. Likawafukuza miungu kutoka mbinguni kwao. Ndipo miungu wakakusanya nguvu zao pamoja, akatokea Durga, kila mmoja akamkabidhi silaha yake, Shiva akatoa mkuki wa ncha tatu, na mlima Himalaya ukamtolea simba wa kumpanda. Akaliua jitu. Usiku tisa ndio huo. Nguvu yenyewe inaitwa shakti, na kuna usemi kwamba Shiva bila Shakti ni maiti. Binti anaoshwa miguu kwa sababu inaaminika shakti hiyo imo ndani yake.

Mimi nimeoshwa miguu hapahapa Dar mpaka nikiwa na miaka 11. Mwaka uliofuata sikuitwa. Hakuna aliyenieleza, mama alinitazama tu. Nilikuwa nimevunja ungo. Nililia, nadhani zaidi kwa sababu ya zawadi.

#5 Chumvi Kidogo
41! Sinia la kukuosha lilikuwa la pilau ya harusi. Natania dada yangu, usinilaani.

#6 Tabibu Mtarajiwa
Takwimu kidogo ili tusibishane hewani. Sensa ya India ya 1991, watoto wa miaka 0 hadi 6: wasichana 945 kwa kila wavulana 1,000. Mwaka 2001 wakashuka hadi 927. Mwaka 2011 wakawa 918. Haryana, jimbo lililopakana na hapo alipokaa mwenye uzi, 834. Punjab 846. Kwa hiyo zile nyumba sita kugombania mabinti watano si hadithi.

Na sheria ipo. Tangu 1994 daktari haruhusiwi kumwambia mzazi jinsia ya mimba. Nilifanya mazoezi ya kazi huko miezi mitatu, kila chumba cha altrasaundi kina tangazo ukutani kwamba hapa jinsia haitajwi. Na kila mtu anajua kuna mahali inatajwa.

#7 Mkaguzi
Tabibu, umeacha jambo. Asilia yenyewe haitoi 1,000 kwa 1,000. Kwa kawaida huzaliwa wavulana kama 105 kwa wasichana 100, yaani wasichana 950 hivi kwa wavulana 1,000. Kwa hiyo 918 ukiilinganisha na 1,000 unatia chumvi. Ilinganishe na 950. Bado ni mbaya, ila iwe mbaya ya kweli.

#8 Kalamu Nyeusi
Mbona nimesoma siku hizi India wanawake wamezidi, 1,020 kwa wanaume 1,000? Mnatulisha matango pori.

#9 Mkaguzi
Hiyo 1,020 ni ya uchunguzi wa kaya wa 2019 hadi 2021, unahesabu watu wote pamoja na vikongwe, na wanawake huishi miaka mingi zaidi. Uchunguzi uleule, ukurasa uleule, unasema waliozaliwa miaka mitano ya karibuni ni wasichana 929 kwa wavulana 1,000. Soma mstari wa pili, kaka.

#10 Mama Shughuli
Mnazunguka mbuyu. Jibu ni mahari, na kule mahari inatoka kwa MWANAMKE. Wazazi wa binti ndio wanaotoa dhahabu, friji, pikipiki, wengine gari. Sheria ya kuipiga marufuku ni ya 1961 na bado inatolewa, siku hizi wanaiita zawadi. Isipotosha, binti anateswa ukweni, wengine wamechomwa moto jikoni ikasemwa ni jiko la mafuta ya taa lilimlipukia. Miaka ya 1980 kliniki zilijitangaza waziwazi: lipa kidogo sasa kwa kipimo, uokoe mahari kubwa baadaye.

Kwa hiyo huyo bibi hana vichwa viwili. Binti wa jirani ni mungu kwa sababu hatamgharimu. Binti wa kwake ni bili.

#11 Chumvi Kidogo
Yaani huku nimechangishwa na ukoo mzima ng'ombe kumi na mbili, kumbe kuna nchi ningelipwa mimi pikipiki?

#12 Mama Shughuli
Pikipiki ungepewa, akili je?

#13 Binti Kisutu
Mama Shughuli umenena, ila ongeza na la dini. Anayewasha moto wa maiti ya baba ni mtoto wa kiume. Anayetoa sadaka ya mipira ya wali kwa ajili ya roho za mababu ni wa kiume. Bibi yangu aliamini kabisa kwamba asiye na mwana atabaki ananing'inia huko aendako. Siku hizi mabinti wengi wanawasha, mimi mwenyewe nilimwashia baba, na wajomba wawili waliondoka makaburini, samahani, pale mahali pa kuchomea.

Na jambo la aibu kwa upande wangu: asili yetu ni Gujarat. Garba, ile ngoma ya kuzunguka taa usiku wa Navratri, ni yetu, na 2023 UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Sensa ya 2011 Gujarat ilikuwa na wasichana 890. Tunamzunguka Mama usiku tisa, tunapiga makofi, na hesabu ni hiyo.

#14 Mcha Asilia
Wote mmekosea kwa sababu mnahesabu watu mkasahau ardhi. Kwa Wahindu maumbile yenyewe ni ya kike, yanaitwa prakriti. Mto Ganga ni mama. Ardhi ni mama. Ukimdhulumu binti umeuvuruga urari wote, na asilia hujibu.

Mfano ninao. Uttarakhand, jimbo la milima kaskazini mwa India, kando ya mto Alaknanda, kulikuwa na sanamu ya Dhari Devi, inaaminika ni mlinzi wa bonde lile. Walikuwa wanajenga bwawa la umeme, maji yangefunika hekalu lake. Tarehe 16 Juni 2013 jioni wakamhamisha. Saa chache baadaye mafuriko ya Kedarnath, mahali pa hija huko juu mlimani. Waliokufa na kupotea ni zaidi ya 5,000. Sema ni bahati mbaya.

#15 Mkaguzi
Nasema. Mvua kubwa ilianza kabla ya sanamu kuguswa, na lile ziwa la barafu lililopasuka juu ya Kedarnath halikuwa na habari za bwawa la kule chini. Na hao mahujaji waliosombwa walimkosea nini mungu? Mama gani anaua wageni waliokuja kusali?

#16 Mcha Asilia
Ziwa lilipasuka, sawa. Lakini nani aliyejenga mahoteli kwenye mkondo wa mto? Nani aliyekata miti mlimani? Ukimwita mama hutamjengea hoteli tumboni. Wanawake wa kijiji cha Reni, mkoa huohuo wa milima, waliliona zamani. Machi 1974 wakiongozwa na Gaura Devi waliikumbatia miti mpaka wakataji wakaondoka. Waume zao siku hiyo walikuwa wameitwa mjini.

#17 Mkaguzi
Sasa hapo tunasikilizana. Ila Gaura Devi wa Reni alikuwa mjane wa kijijini anayejua kuni na maji vinatoka wapi. Usimgeuze naye kuwa sanamu.

#18 Sheha wa Zamani
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Naomba kuwauliza wote mnaosema ni dini ya miungu wa kike: Punjab ni nyumbani kwa Makalasinga. Wao hawana sanamu, hawamwabudu Durga, na walimu wao wakuu wa dini walikemea waziwazi kuua watoto wa kike. Mbona 846? Na Jammu na Kashmir wengi ni Waislamu, ilishuka kutoka 941 mwaka 2001 hadi 862 mwaka 2011. Dini tatu, mwendo mmoja.

#19 Bwana Jembe
Sheha, jibu liko shambani. Kaskazini magharibi ni nchi ya ngano na plau la ng'ombe, kazi ya mabega ya wanaume. Mashariki na kusini ni mpunga, na mpunga unapandikizwa kwa mkono, mikono ya wanawake. Pale binti ni mfanyakazi, huku ni mdomo. Ndiyo maana Bengali Magharibi wako 956 na Kerala nao wako juu ya 950. Durga anaabudiwa kote, jembe ndilo linalotofautiana.

#20 Tabibu Mtarajiwa
Bwana Jembe, nadharia tamu, ila Delhi hailimi chochote na iko 871. Wenye pesa na elimu ndio wanaoweza kulipia kipimo. Zamani mtu alizaa wanane, wa kiume hakosekani. Sasa anataka wawili tu, na mmoja lazima awe wa kiume. Kadiri familia inavyopungua ndivyo shinikizo linavyoongezeka.

#21 Bwana Jembe
Delhi wametokea wapi kama si vijijini kwenye ngano? Mtu anahama na jembe lake kichwani.

#22 Mlezi wa Lamu
Naona mmesahau Sita, mke wa Rama, wa kwenye visa vya kale vya Wahindu. Yule hakuzaliwa na mwanamke. Mfalme Janaka alimkuta kwenye mfuo wa plau, mtoto wa ardhi. Alitekwa, akarudishwa, akatakiwa aingie motoni kuthibitisha kwamba hakuguswa. Akapita salama. Watu wakaendelea kunong'ona, akafukuzwa msituni na mimba. Mwisho alipotakiwa kuthibitisha tena, akamwomba mama yake ardhi apasuke ampokee. Ardhi ikapasuka. Mimi Muislamu, nilihadithiwa kisa hiki na fundi cherehani mmoja Mhindu Mombasa nikiwa mdogo, sijakisahau. Ikiwa mnatafuta binti na maumbile katika kisa kimoja, ndicho hicho.

#23 Binti Kisutu
Asante Mlezi. Bibi yangu alipofika hapo kwenye kisa alikuwa ananyamaza, anaendelea kuchambua mchele.

Na kwa kuwa nilishaanza habari za kuvunja ungo nimalizie. Guwahati, Assam, kuna hekalu la Kamakhya. Kila Juni linafungwa siku tatu kwa sababu mungu yuko kwenye hedhi. Likifunguliwa watu maelfu kwa maelfu wanapigania kipande cha kitambaa chekundu cha baraka. Odisha nako wana sikukuu ya siku tatu ambapo ardhi yenyewe inahesabiwa kuwa kwenye siku zake: hakuna kulima, hakuna kuchimba, wasichana wanavaa vipya na kupanda bembea. Ardhi inapewa mapumziko. Nzuri sana.

Kisha mwanamke wa kawaida akiwa kwenye siku zake haruhusiwi kuingia hekaluni wala jikoni. Mahakama ya Juu kabisa ya India ilipofungua hekalu la Sabarimala, Kerala, mwaka 2018 kwa wanawake wa miaka 10 hadi 50, barabara zilijaa waandamanaji, na wanawake wengi walikuwa miongoni mwao wakipinga. Damu ya mungu ni baraka, yangu najisi. Hilo ndilo lililonitoa kwenye orodha nikiwa na miaka 12, si mahari wala ngano.

#24 Dada Mkavu
Nilikuwa nasoma kimya. Mnakumbuka 2013 kulikuwa na matangazo ya kampeni India, picha za miungu wa kike Lakshmi, Saraswati na Durga wakiwa wamevimba macho, midomo imepasuka, kwamba kesho hata hawa hawatasalimika? Watu duniani walisifu. Mimi yalinikera. Yaani ili nisipigwe lazima kwanza nifanane na mungu? Na mwanamke asiye Lakshmi, mlevi, mkorofi, kahaba, huyo apigwe tu?

#25 Mlezi wa Lamu
Dada Mkavu, kuhusu kahaba kuna jambo utalipenda. Kolkata, Bengali Magharibi, wafinyanzi wa mtaa wa Kumartuli wakitengeneza sanamu ya Durga, mila inataka udongo kidogo utoke kwenye mlango wa nyumba ya makahaba. Bila huo sanamu haijatimia.

#26 Dada Mkavu
Udongo wake wanachukua, yeye wanamwacha mlangoni. Umenipa mfano bora kuliko wangu.

#27 Tabibu Mtarajiwa
Kolkata hiyohiyo, Agosti 2024, daktari kijana wa kike alibakwa na kuuawa ndani ya hospitali alikokuwa zamu. Nilikuwa na wenzangu niliosoma nao huko, walitoka barabarani usiku pamoja na maelfu ya wanawake. Sikukuu ya Durga Puja ikaja miezi miwili baadaye, madaktari wengine wakiwa kwenye mgomo wa kula, jirani na mahema ya sanamu.

Na Bwana Jembe, hao Bengali Magharibi uliowasifu kwa 956 ndio wanaoongoza kwa ndoa za mapema. Uchunguzi uleule wa Mkaguzi: zaidi ya wanawake 40 katika kila 100 wenye miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya 18. Binti anazaliwa, sawa. Halafu?

#28 Bwana Jembe
Hapo umenibana. Sijasema mpunga unalea.

#29 Kalamu Nyeusi
Naendelea na unafiki wangu wa #3. Na Ganga je? Mama, mungu, wanaoga humo watakaswe, na humohumo unatiririka mfereji wa maji machafu wa miji mizima. Mwaka 2017 mahakama ya Uttarakhand ikatangaza mto una haki kama mtu. Miezi michache baadaye mahakama ya juu ikasimamisha. Serikali ya jimbo ilikuwa imeuliza, mto ukifurika ukaua watu, nani ashtakiwe?

#30 Chumvi Kidogo
Ashtakiwe Mcha Asilia, ndiye wakili wake.

#31 Mwalimu Mstaafu
Wanangu, mnacheka India. Mimi ni Mkatoliki. Mwezi wa tano na wa kumi tunabeba sanamu ya Bikira Maria mtaa kwa mtaa kwa nyimbo na maua. Nimefundisha miaka 31, nimeona mabinti wangapi wa darasa la saba wanaondoka kuolewa, na baba zao wako mbele kwenye maandamano yaleyale? Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, wa 14 kwa idhini ya mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alishinda kesi ya kupinga hilo Mahakama Kuu 2016, Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye 2019. Nani kama mama tunaimba wote.

#32 Mkaguzi
Shikamoo mwalimu. Hoja imepokewa, ila tusihamishe uzi.

#33 Mcha Asilia
Kabla hamjauhamisha: Rajasthan kuna kijiji, Piplantri. Aliyekuwa mkuu wa kijiji alifiwa na binti yake, akaanzisha desturi kwamba kila akizaliwa mtoto wa kike wanapanda miti 111. Wazazi na kijiji wanachangia akiba inayowekwa benki kwa jina la mtoto, na wazazi wanatia saini kwamba hawatamwoza kabla ya 18. Ilikuwa nchi kavu iliyoharibiwa na machimbo ya marumaru, sasa ni msitu, na maji ya ardhini yamepanda. Miti inalindwa na ndugu wa huyo binti. Haya Mkaguzi, kosoa.

#34 Mkaguzi
Sina la kukosoa, nina la kuuliza. Iliyofanya kazi ni miti, au ile saini na ile akaunti?

#35 Mama Shughuli
Akaunti. Wakati huohuo Haryana wamekosa wake, wananunua mabinti maskini kutoka Assam na Bengali. Wanawaita "paro", au "molki", yaani wa kununuliwa. Walimkataa binti wao bure, sasa wanamlipia wa mwenzao. Huo ndio urari wa Mcha Asilia ukijirudi.

#36 Mcha Asilia
Asante kwa kuniunga mkono bila kukusudia.

#37 Mzawa wa Pangani
Nimerudi, umeme ulikatika. Nimepata majibu saba na kila moja linalikataa jingine. Binti Kisutu, swali kwako tu: wewe una binti? Unamwosha?

#38 Binti Kisutu
Ninaye, ana miaka saba. Namwosha. Mwaka jana aliniuliza kwa nini tunatafuta mabinti ambao hawajawa wakubwa, na wakubwa wanaenda wapi. Nikamwambia maji yanapoa, lete mguu wa pili.

#39 Chumvi Kidogo
Dada, hiyo haluwa ya suji inapikwaje?

#40 Binti Kisutu
Suji kikombe, samli kikombe, sukari kikombe, maji vitatu. Kaanga suji kwenye samli mpaka inukie, moto mdogo, usiache kukoroga. Iliki mwisho.

#41 Tabibu Mtarajiwa
Samli kikombe kizima?

#42 Binti Kisutu
Ni ya mungu, hakuna anayempima lehemu.